Tangi, beseni au kiwanda: bodi ya saketi ipi inakulipa?

Anayetaka kutengeneza bodi ya saketi mwenyewe huanza kwa kuulizia bei ya kopo la dawa. Swali hilo ni la haki, ila halimfikishi mbali. Kopo la bei nafuu linaweza kutoa bodi ghali kwa sababu dawa imeharibika kabla haijamalizika. Tangi zuri lenye pampu na hita nalo linaweza kukaa stoo mwaka mzima likiwa limetumika mara tatu tu. Swali lenye faida ni hili: bodi moja iliyokamilika na inayofanya kazi imenigharimu kiasi gani, ukijumlisha muda wangu na uchafu ninaobaki nao?

Bei za madukani hazifanani kati ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi, wala kati ya mwezi huu na ujao. Gramu hazibadiliki. Kipande cha shaba kinachohitaji gramu kumi za dawa Dar es Salaam kitahitaji kumi zilezile Nairobi na Kampala. Kwa hiyo tutapima kwa gramu kwanza, kisha kila msomaji ataweka bei ya duka lake.

Bodi ya kupimia

Bodi tupu ni kipande cha faiba au karatasi ngumu kilichofunikwa kwa tabaka jembamba la shaba, upande mmoja au pande zote mbili. Unachora njia za umeme kwa kitu ambacho dawa haipenyi, kisha unaizamisha bodi. Dawa inakula shaba iliyo wazi na kuiacha iliyofunikwa.

Tuchukue bodi ya sentimita 10 kwa 10, ya upande mmoja, yenye shaba ya unene wa mikroni 35 ambao ndio wa kawaida. Shaba yote iliyo juu yake ina uzito wa gramu 3.1 hivi. Tuseme njia zako zinachukua theluthi moja ya eneo lote. Zinabaki takriban gramu 2.1 za kuliwa. Hiyo 2.1 ndiyo namba ya kuishika.

Namba hiyo unaweza kuipunguza bila kutoa hata senti. Wengi huchora njia nyembamba na kuacha uwanja mkubwa katikati, na uwanja wote huo ni shaba inayopaswa kuyeyushwa. Programu ya kuchorea saketi kama KiCad, ambayo ni ya bure, inakuruhusu kujaza nafasi hizo kwa shaba iliyounganishwa na graundi. Ukifanya hivyo hadi theluthi mbili za bodi zikabaki na shaba, dawa unayohitaji inashuka kwa nusu, na mara nyingi saketi yenyewe inapata utulivu zaidi.

Njia ya pili ni kuulizia bodi ya mikroni 18. Inahitaji karibu nusu ya dawa na nusu ya muda, na inatosha kwa saketi za kawaida za mawimbi na vidhibiti vidogo. Kwa chaja, inveta na amplifaya kubwa baki na 35, kwa sababu mkondo mkubwa unahitaji shaba nene.

Dawa nne, hesabu nne

*Feriki kloraidi.* Huyu ndiye mkongwe wa kazi hii. Huuzwa kama mabonge ya rangi ya manjano ya kahawia au kama maji meusi mazito. Kwa hesabu ya kemia, gramu moja ya shaba inahitaji gramu 8.5 za mabonge hayo, yaani gramu 18 kwa bodi yetu. Lakini hutaweza kuitumia hadi mwisho. Kadiri shaba inavyojaa ndani ya maji ndivyo kasi inavyoshuka, na ukifika nusu ya uwezo wake utakuwa umechoka kusubiri. Weka gramu 36 kwa bodi, na kopo la nusu kilo litatoa bodi kama 14.

Sifa yake kubwa ni uvumilivu. Ikiwa ndani ya chupa ya plastiki iliyofungwa haipotezi nguvu, hata ukiirudia baada ya mwaka. Inafanya kazi hata ikiwa na joto la kawaida la chumba, ingawa ikifika nyuzi 40 hadi 50 dakika zinapungua sana: dawa mpya yenye joto na inayotikiswa humaliza bodi kwa dakika 10 hadi 20, na ya baridi iliyotulia inaweza kuchukua saa nzima.

Kasoro zake zinaonekana kwa macho. Tone likianguka kwenye shati au sakafu ya saruji, doa la kutu halitoki. Sinki la stili linaliwa. Na kwa kuwa maji ni meusi, bodi huioni. Lazima uinyanyue kwa koleo la plastiki, uisuuze, na kuitazama. Utakuta shaba iliyokuwa inang'aa imefifia na kuwa ya waridi. Kingo za bodi hutangulia kuliwa, kisha visiwa vya shaba vinabaki katikati, hasa pale njia zilipobanana. Inyanyue kuelekea dirishani: pale shaba ilipokwisha, mwanga unapenya faiba, na pale ilipobaki kuna kivuli. Kivuli cha mwisho kikiondoka, toa bodi mara moja, maana kila dakika ya ziada inakula njia zako kutoka ubavuni.

Tahadhari ya ununuzi: ipo feriki kloraidi kavu kabisa, unga mweusi usio na maji ndani yake. Hiyo inachemka na kutoa mvuke mkali inapoguswa na maji. Anayeanza achukue mabonge ya manjano au iliyokwisha kuyeyushwa, na siku zote atie dawa ndani ya maji taratibu, si maji juu ya dawa.

*Sodiamu pasalfeti.* Ni chumvichumvi nyeupe inayoyeyuka na kuwa maji maangavu, kisha yanageuka buluu kadiri shaba inavyoingia. Hapa bodi unaiona tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna doa la kahawia. Gramu moja ya shaba inahitaji gramu 3.75 kwa nadharia, hivyo bodi yetu inahitaji gramu 8, au 16 ukiacha nafasi ya uchovu wa dawa. Kwa karatasi, nusu kilo ni bodi 31, zaidi ya mara mbili ya feriki kloraidi.

Tatizo ni kalenda. Ikishayeyushwa inaanza kuoza yenyewe, na baada ya wiki chache nguvu imepungua hata kama hujaitumia. Pia haipendi baridi: inataka nyuzi 40 hadi 50, na chini ya hapo inajikokota. Haitii nguo doa, lakini inazitoboa. Matundu utayaona baada ya kufua. Na ikioza inatoa gesi ya oksijeni, kwa hiyo chupa yake isikazwe kifuniko, la sivyo inaweza kupasuka.

*Asidi ya haidrokloriki na peroksaidi.* Asidi ya aina hii huuzwa kwa ajili ya kusafishia vigae na vyoo, na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 hupatikana duka la dawa. Mchanganyiko wa kawaida ni vipimo viwili vya peroksaidi kwa kimoja cha asidi, na asidi ndiyo inayotiwa mwisho. Unafanya kazi kwa dakika chache. Kwa bodi yetu, kemia inadai mililita 37 za peroksaidi na mililita 7 hivi za asidi kali ya asilimia 30.

Lakini uzuri wake unakuja baadaye. Shaba ikishayeyuka humo, maji ya kijani yanayobaki yanakuwa yenyewe ni dawa ya kula shaba. Yakichoka yanakuwa meusi ya kahawia. Ukiyapulizia hewa kwa pampu na kuongeza asidi kidogo, kijani kinarudi na kazi inaendelea. Peroksaidi inahitajika kuanzishia tu. Kwa anayetengeneza bodi nyingi, hakuna dawa yenye gharama ndogo kuliko hii.

Bei yake halisi ni mvuke. Unachoma pua na macho, na unatia kutu kila chuma kilichomo chumbani: koleo, drili, hata kompyuta. Hii ni dawa ya uani au ya kibanda chenye upepo, kamwe si ya chumba cha kulala wala dawati la kazi. Na isikutane na dawa ya kung'arisha nguo, kwani hapo inazaliwa klorini, gesi inayoweza kuua.

*Ndimu ya unga, peroksaidi na chumvi.* Mapishi yanayojulikana ni mililita 100 za peroksaidi ya asilimia 3, gramu 30 za ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki, na gramu 5 za chumvi ya mezani. Kiasi hicho kinatosha bodi moja ya kipimo chetu, kisha kinamwagwa kwa utaratibu tutakaoueleza. Muda ni nusu saa hadi saa na zaidi, na ukiweka chombo ndani ya maji ya moto mambo yanakwenda kasi. Mvuke ni kidogo na kila kitu kinanunuliwa mtaani.

Angalia chupa ya peroksaidi kabla ya kulipa. Iliyoandikwa volyumu 10 ni asilimia 3, na volyumu 20 ni asilimia 6. Ya saluni mara nyingi ni krimu nzito iliyochanganywa mafuta, na hiyo haifai hata ikiwa na asilimia kubwa.

Kwa muhtasari, bodi moja ya sentimita 10 kwa 10:

| Dawa | Kiasi kwa bodi | Kuhifadhi | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Feriki kloraidi | gramu 36 | miaka | wa bodi chache, wakati wowote |
| Sodiamu pasalfeti | gramu 16 | wiki chache ikiyeyushwa | darasa au karakana, kwa mkupuo |
| Asidi na peroksaidi | asidi mililita 7, hewa | inajirudia | wa bodi nyingi, mwenye uwanja wa wazi |
| Ndimu ya unga | gramu 30 na peroksaidi mililita 100 | haihifadhiki | wa bodi moja au mbili |

Sasa chukua bei ya dukani. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme nusu kilo ya feriki kloraidi umeuziwa shilingi 30,000 za Tanzania. Gawa kwa bodi 14: kila bodi imekula dawa ya shilingi 2,140 hivi. Tuseme nusu kilo ya pasalfeti umeipata kwa shilingi 40,000. Ukitoa bodi zote 31, ni shilingi 1,290 kwa bodi. Ukiyeyusha yote, ukatoa bodi tano, na nyingine ikakufia ndani ya chupa, bodi moja imefika shilingi 8,000. Dawa ileile, kopo lilelile.

Tangi linalipa lini?

Tangi la kazi hii ni chombo chembamba kilichosimama wima, cha kioo au akriliki, chenye bomba la matundu chini linalotoa viputo na hita ya kupashia maji. Vifaa vyake vingi ni vya samaki wa mapambo: pampu ya hewa, mpira, jiwe la kutolea viputo, hita ya kioo. Viputo vinasukuma dawa iliyochoka mbali na shaba na kuleta mpya, hivyo bodi inaliwa kwa usawa, na ya pande mbili inaliwa pande zote kwa wakati mmoja. Kwenye beseni, upande wa chini unalala na unahitaji kugeuzwa kila mara.

Faida hizo ni za kweli. Lakini tangi lina njaa yake. La sentimita 25 kwa 25 na unene wa sentimita 3.5 linachukua zaidi kidogo ya lita 2. Kulijaza pasalfeti kwa kipimo cha kawaida cha gramu 200 hadi 250 kwa lita, unahitaji gramu 400 hadi 500 kwa siku ya kwanza, hata kama una bodi moja tu ya kutengeneza. Kwa feriki kloraidi, kilo moja. Beseni la plastiki linatosheka na robo lita, yaani gramu 125 za feriki kloraidi, na hizo zinakupa bodi tatu.

Kwa hiyo unene wa tangi ndio wa kuutazama kwanza. Mtu akikuambia utumie tangi la kawaida la samaki la sentimita 30 kwa 20 kwa 20, piga hesabu: ni lita 12, na pasalfeti ya kulijaza inafika kilo 2.4 na zaidi. Tangi hilo litakuwa rahisi kununua na ghali kulisha.

Cha pili ni hita. Hita za samaki kwa kawaida hukomea nyuzi 32 hadi 34, kwa kuwa samaki hawahitaji zaidi. Kwa Dar es Salaam au Mombasa, ambako maji ya ndani ya nyumba yanakaribia nyuzi 30 wakati wa joto, hita kama hiyo inakuongezea nyuzi chache tu. Feriki kloraidi itaridhika, pasalfeti haitaridhika. Uliza kiwango cha juu cha joto kabla ya kulipa. Nairobi, Arusha au Bukavu hita ina maana zaidi, ingawa beseni la dawa lililoelea ndani ya beseni kubwa la maji ya moto linafanya kazi hiyohiyo bila waya.

Umeme wenyewe usikutishe. Kupasha lita 2 kutoka nyuzi 25 hadi 45 kunahitaji karibu uniti 0.05. Hata ukijumlisha joto linalopotea na pampu ya wati chache, kikao kizima hakifiki robo ya uniti moja.

Kukatika kwa umeme ndiko kunakopaswa kukushughulisha. Pampu ikiwa chini ya usawa wa maji na umeme ukakatika, dawa inarudi kwa mpira hadi ndani ya pampu na kuiua. Weka pampu juu ya rafu, au nunua vali ya njia moja, kitu kidogo kinachouzwa palepale penye pampu. Na hita ya kioo izimwe kabla ya kupunguza maji, maana ikiwaka nje ya maji inapasuka.

Hesabu ya tangi iko hivi. Kwa mfano, kioo, pampu, hita na vali vikikugharimu shilingi 120,000, anayetengeneza bodi 10 kwa mwaka ameongeza shilingi 12,000 kwa kila moja katika mwaka wa kwanza. Anayetengeneza 100 ameongeza 1,200. Chini ya bodi mbili au tatu kwa wiki, beseni, glavu na mkono wa kutikisa vinashinda. Juu ya hapo, au penye wanafunzi 20 wanaotaka kumaliza mchana mmoja, tangi linaanza kujilipa, hasa likitiwa dawa ya kijani ya asidi, kwa sababu viputo vilevile vinavyotikisa ndivyo vinavyoifufua.

Gharama zisizoandikwa kwenye kopo

Dawa ni sehemu ndogo ya bili. Kubwa zaidi mara nyingi ni bodi tupu zilizoharibika kabla hata hazijafika kwenye dawa.

Njia ya kuchora ya bei nafuu ni kuhamisha tona. Unachapa mchoro kwa printa ya leza kwenye karatasi nyembamba inayong'aa, unaulaza juu ya shaba iliyosuguliwa vizuri, unapiga pasi isiyo na mvuke, kisha unaloweka karatasi itoke. Tona ni plastiki, ndiyo maana inashika. Printa ya wino wa maji haifai. Steshenari wengi wana mashine za leza, ila uliza kwanza kama wanakubali karatasi yako, na waombe wachape kwa weusi kamili. Kwa njia hii upana wa milimita 0.3 unapatikana bila taabu kubwa.

Njia ya pili ni bodi zenye tabaka linalohisi mwanga, zinazopigwa taa ya miale ya urujuanimno na kuoshwa kwa kostiki iliyopunguzwa nguvu, gramu 7 hadi 10 kwa lita. Matokeo ni safi zaidi, lakini bodi hizo ni ghali kuliko za kawaida, zina tarehe ya kuisha, na ukiziweka mahali penye joto zinaharibika. Kwa saketi ya redio au kidhibiti cha taa, tona inatosha.

Aina ya ubao nayo ina bei mbili. Ubao wa karatasi ngumu, ule wa kahawia, ni rahisi kununua, kukata na kutoboa. Udhaifu wake ni kwamba shaba inabanduka ukiipasha lehemu kwa muda mrefu. Ubao wa faiba unastahimili, lakini vumbi lake ni la vioo na linamaliza makali ya keekee za kawaida haraka. Utahitaji keekee za kabaidi za milimita 0.8 na 1, na hizo zinavunjika mkono ukitetereka kidogo tu. Nunua kadhaa, pamoja na stendi ya drili, au ziweke kwenye hesabu ya kila bodi. Vaa barakoa unapotoboa.

Halafu kuna mabaki. Dawa ikichoka imejaa shaba, na shaba ni sumu kwa samaki na kwa vijidudu vinavyofanya kazi ndani ya shimo la choo na chemba. Usiimwage sinkini, mtaroni wala shimoni. Chukua ndoo kubwa ya plastiki na utie magadi kidogo kidogo. Povu litapanda, ndiyo maana ndoo iwe kubwa. Endelea hadi povu likome na matope yaanze kutulia chini. Shaba imo ndani ya matope hayo. Yaache yakauke, yachanganye na saruji ndani ya kopo, na yakishaganda yatupe na taka ngumu. Magadi hayana bei, lakini mchana mmoja wa kazi hiyo una thamani, nao ni wako.

Glavu na miwani si vya kuamua kama pesa ikibaki. Na dawa yoyote isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Nyumba ina watoto na wageni wenye kiu, na lebo ya kalamu haisomwi gizani.

Je, kiwanda?

Mshindani mkubwa wa beseni siku hizi yuko China. Viwanda kama JLCPCB cha Shenzhen vimekuwa vikitangaza bodi tano za hadi sentimita 10 kwa 10, za pande mbili, kwa dola 2. Ndani ya bei hiyo kuna matundu yaliyotobolewa na kupakwa shaba ndani yake, rangi ya kijani ya kuzuia lehemu kusambaa, na maandishi. Njia nyembamba za milimita 0.13 ni kawaida kwao. Hakuna beseni wala tangi la nyumbani litakalokupa matundu ya namna hiyo kwa urahisi.

Lakini dola 2 si bei ya mlangoni. Tuseme usafiri wa haraka ni dola 20. Jumla ni dola 22, na VAT ya asilimia 18, kiwango cha Tanzania Bara na Uganda, inaifikisha dola 25.96, kabla ya ada nyingine za forodha au za msafirishaji. Kenya VAT ni asilimia 16. Ukizihitaji bodi zote tano, moja ni dola 5.19. Ukihitaji moja tu, hiyo moja imekugharimu dola 26, na bodi nne ni za kuweka kabatini.

Ujanja wa wenye uzoefu ni kukusanya. Agizo la michoro mitatu au minne kwa pamoja linagawana usafiri mmoja, na hapo kiwanda kinaishinda beseni kwa bei na kwa ubora. Wenzako wa chuo au wa mtaa mmoja wakiagiza pamoja, hesabu inakuwa nzuri zaidi.

Kinachobaki mkononi mwa beseni ni muda. Kosa la mchoro ukiligundua saa nne asubuhi, jioni una bodi nyingine. Kwa kiwanda, kosa lilelile linakurudisha mwanzo wa foleni: usafiri mwingine, kodi nyingine, siku nyingine za kusubiri. Anayebuni kitu kipya atafanya makosa mawili au matatu kabla saketi haijatulia, na makosa hayo ni nafuu kuyafanyia nyumbani.

Tusisahau bodi isiyohitaji dawa kabisa. Ile yenye matundu yaliyokwisha kutobolewa na mistari ya shaba, Veroboard, inatosha kwa saketi yenye vipuri 20 au 30. Unakata mistari kwa keekee, unaunganisha kwa waya, na hakuna cha kumwaga. Wengi wananunua feriki kloraidi kwa kazi ambayo Veroboard ingeimaliza mchana huohuo.

Uamuzi

Saketi ndogo ya mara moja: Veroboard. Ukitaka tu kujaribu kula shaba kwa mara ya kwanza: ndimu ya unga, peroksaidi na beseni.

Fundi au mwanafunzi wa bodi moja mbili kwa mwezi: feriki kloraidi ya mabonge, nusu kilo, beseni la plastiki ndani ya maji ya moto, na tona kwa pasi. Usinunue tangi. Usinunue pasalfeti, hata kama kwa gramu inaonekana nafuu.

Shule ya ufundi au karakana yenye kazi kila wiki: tangi jembamba la lita 2. Kama lipo darasani, tia pasalfeti na panga kazi zote wiki moja ili dawa isife bure. Kama lipo uani penye upepo, dawa ya kijani ya asidi ndiyo ya gharama ndogo kuliko zote.

Bodi ya pande mbili yenye vipuri vidogo, au nakala tano na zaidi za mchoro ambao umekwisha kujaribiwa: agiza kiwandani, na usiagize peke yako.

Na yeyote uliye kati ya hao, kabla ya kulipia kopo jaza graundi kwenye mchoro wako. Ndiyo punguzo pekee katika orodha hii ambalo halihitaji kumbembeleza mwenye duka.